Migomba Mitatu ya Mama na Nailoni Zangu

Kila nikiingia mazoezini, wanakwaya wenzangu, mnaniuliza safari ya Kimuli ilikuwaje, nami najibu "tulifika salama," kisha nakimbilia kufungua kitabu cha nyimbo. Mmeshajua kwamba nakwepa. Mmoja wenu, simtaji, alifika hata nyumbani kumwuliza mama yangu, naye akamjibu, "Mwulize Elieza, yeye ndiye aliyefunga mizigo." Basi naandika yote, msome kwa pamoja, mnicheke mara moja yaishe.

Kiruruma, kwenye kibanja cha mama

Mama yangu ana migomba ya kila aina, lakini ile iitwayo kinunu ni yake peke yake. Mama yake mzazi alikuja kumpandia kwa mkono wake mwenyewe alipopewa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na baba yangu. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa ukoo wao. Binti akishapata ardhi yake, mama anakwenda na mche wa kinunu, anapiga magoti, anaupanda, halafu binti anampa mama buni za kutafuna. Mpaka hilo lifanyike, kwa mawazo yao, huyo binti bado ni mgeni pale alipo.

Dada yangu Kokugonza aliolewa zamani, ila miaka yote walikaa kwenye eneo la wakwe. Mwaka huu yeye na mumewe wamepata ardhi yao huko Kimuli. Habari zilipotufikia, mama hakuuliza ni mbali kiasi gani wala tutalala wapi. Aliuliza tu panga liko wapi.

Shida ni kwamba kinunu ilikuwa imebaki minne tu, nayo imekonda, mikungu yake inabeba vichana vitatu vya kutia huruma. Cha ajabu, migomba ya pembeni ilistawi, na hii iliyo nyuma ya jiko, inayopata taka zote za nyumba, ndiyo iliyodhoofika. Mnajua desturi yetu. Maganda, majivu, nyasi kuukuu za sakafuni, maji ya kuoshea vyombo, vyote vinakwenda kwenye migomba. Kwetu hakuna jalala, kuna kibanja. Na kila niliporudi kutoka Kayanga na chumvi au mkate ndani ya mfuko wa nailoni, nailoni nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Mama aliwahi kuniuliza, "Na hii inaoza?" Nikamjibu kwamba kila kitu kinaoza, ni suala la mvua tu. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza shule.

Siku ya kuchimbua miche, binti yangu Kemilembe, mwenye miaka kumi na mmoja, alivuta kitu cha bluu kutoka chini ya shina. Akakikung'uta udongo, akakisoma.

"Baba, hii ni nailoni ya mikate ya ubatizo wa Byera."

Byera ni mdogo wake. Sasa hivi yuko darasa la pili.

"Itupe, ushike mche," nikasema.

"Lakini haijafutika hata herufi moja."

"Kemi, shika mche!"

Tulipata miche mitatu tu iliyofaa kusafiri. Mama alikuwa ameshaandaa majani makavu ya mgomba na kamba zake, tayari kuifunga kama alivyofungiwa na mama yake. Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Nilikuwa nimetunza nailoni tatu kubwa, nzito, safi kabisa, nilizopata kwa mfanyabiashara wa nguo.

"Mama, majani makavu yananyonya unyevu. Nailoni inatunza maji. Ni kama friji."

"Wewe umewahi kuona friji?"

"Nimeiona Bukoba."

"Ilikuwa na migomba ndani?"

Kemi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikasema mbebaji ni mimi na baiskeli ni yangu, kwa hiyo nitafunga nijuavyo. Nikaingiza kila mche ndani ya nailoni yake, nikamwagia maji, nikakaza kwa mpira wa tairi la ndani hata hewa isipate pa kupita. Mama alisimama na majani yake makavu mkononi, kisha akayarudisha kwenye migomba. Mke wangu alibaki nyumbani na wadogo kwa sababu ya kuchuma kahawa, nasi watatu tukaondoka.

Hadi Bugene kwa miguu na kwa baiskeli

Kusafiri na mama ni kusalimia. Penye tambarare alikaa kwenye keria ya baiskeli, penye mlima alitembea, na popote tulipokutana na mtu alisimama. Hakuna salamu ya mama inayoishia kwenye shikamoo na marahaba. Anauliza nyumba nzima, anauliza ng'ombe, anauliza yule aliyekuwa anakohoa mwaka juzi. Nilihesabu vituo nikachoka. Jua lilikuwa linapiga zile nailoni kwenye bomba la baiskeli, na ndani yake maji yalifanya matone. Nilimwonyesha mama yale matone kwa majivuno.

Tulipokaribia Bugene, kwenye ule ua mrefu wa minyaa kabla ya maduka, mama alikaza macho yake ambayo hayaoni vizuri tena. Alikuwa hajafika mjini kwa miaka minne hivi.

"Ni nani huyu mwenye nguo nyingi namna hii? Kaanika ua mzima."

Tukatazama. Zilikuwa nailoni, nyeusi, nyeupe, za bluu, zimenasa kwenye matawi, zinapepea.

"Si nguo, bibi," Kemi akamwambia. "Ni za dukani. Upepo umezileta."

Mama aliutazama ule ua mpaka mwisho. "Na mvua ikija?"

"Zinateremka bondeni," nikajibu.

"Bondeni wanakochota maji?"

Nikasema tuharakishe, shemeji wa Bugene, dada wa mke wangu, atakuwa ameshapakua chakula. Na kweli alikuwa amepakua, ndizi na maharage, na mama akaanza upya kuuliza habari za nyumba nzima.

Omurushaka, siku moja ya "sasa hivi"

Asubuhi yake tuliacha baiskeli kwa shemeji, tukaenda Omurushaka kupanda lori la Nkwenda. Dereva alikuwa mtu mwenye tabasamu zuri na neno moja tu, nalo ni "sasa hivi". Saa tatu alisema sasa hivi. Saa saba alikuwa anakula samaki, akasema sasa hivi huku anatoa mwiba. Mizigo ilikuwa imeshapandishwa, na miche yetu ilikuwa juu kabisa, kwenye chuma, juani.

"Ishushe ikae kivulini," mama alisema.

"Mama, lori linaondoka sasa hivi."

Nilishakuwa naongea kama dereva. Mama akaomba mara ya pili, na mara ya tatu hakuomba. Alikaa kwenye kibaraza cha duka la chumvi, akamwangalia mwenye duka akifunga chumvi ya kila mteja kwenye nailoni ndogo, na wateja wakifika barabarani tu wanaimimina chumvi kwenye vyombo vyao na kuachia nailoni ziende. Alitazama hivyo siku nzima. Tuliondoka jua likiwa limeshalala upande.

Kuelekea Nkwenda, na springi

Juu ya lori tulikula mayai na ndizi za kuchemsha alizotufungia shemeji. Nilipomaliza, nikakunja ile nailoni na kuirusha nje. Ilifunguka hewani, ikateleza juu ya mbuga, ikatua kwenye nyasi mbali sana. Kemi aliifuata kwa macho.

"Baba, ile nayo itaoza mvua ikinyesha?"

Abiria waligeuka kunitazama, maana mtoto alikuwa ameuliza kwa sauti. Jamani, mimi ni mtu wa kujibu maswali, hata yale nisiyoyajua. Ila siku hiyo nilikumbuka herufi za mkate wa ubatizo, nikajifanya nimepaliwa na yai.

Mbele kidogo springi ya lori ikakatika. Dereva akashuka, akachungulia, akasema watatengeneza, na nyote mnajua alisema lini. Abiria wakatawanyika kila mmoja na ndugu zake. Sisi hatukuwa na ndugu pale. Mama akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akiwa amenyooka na mikono mapajani, kama vile ndiko alikokuwa anakwenda.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka shambani na mzigo wa viazi alisimama.

"Bibi hawezi kukaa barabarani," akasema. "Njooni nyumbani."

Hakutuuliza sisi ni akina nani mpaka tulipofika.

Kwa Vestina

Aliitwa Vestina. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, yeye akazaliwa hapa hapa. Mumewe alikuwa kibarua kwenye kahawa za watu na wana kijishamba chao chini ya soko dogo. Alitupa viazi vitamu na maharage kwenye ungo mmoja, na mama, ambaye nyumbani hula kama ndege, alikula hata nikashangaa. Walielewana upesi, yule na Kiswahili chake kifupi na mama na Kinyambo chake kilichochanganyika na vidole.

Miche miwili niliiingiza ndani. Wa tatu ulibaki uani, na kwa kuwa mbuzi alikuwa anaunusa, Kemi aliuchukua akauweka mlangoni pa jiko. Kumbukeni hilo, mlangoni pa jiko.

Kulipokucha, mimi na Kemi tulimsindikiza Vestina kuchota maji. Chemchemi yake iko bondeni, chini kabisa ya soko. Kabla ya kuchota alitoa fimbo iliyochongoka, akaanza kuvua nailoni moja baada ya nyingine, kama mtu anayeokota majani kwenye mchuzi. Nilimwuliza kama ni kazi ya kila siku.

"Kila asubuhi. Siku ya gulio, mara mbili. Nikiacha, maji hayatoki, yanapita pembeni."

"Zitaoza," nikasema. Mdomo wangu ulisema peke yake.

Vestina alinitazama kwa upole. Akainua nailoni nyekundu kwa ncha ya fimbo. "Hii inarudi kila masika. Naifahamu, ina tundu hapa. Nimeitoa mara ya kwanza wakati mtoto wangu mkubwa hajazaliwa. Naitupa kule juu, mvua inanirudishia."

Yule mtoto wake mkubwa alikuwa amevaa sare ya shule. Kemi alinitazama, na mimi nikaanza kumsaidia Vestina kuvua zilizobaki. Nilitoa kumi na nne kwa mikono yangu. Moja ilikuwa na chura ndani, amekwama, bado hai. Kemi alimfungulia.

Kutoka pale nilikwenda kwenye lori, nikakuta dereva amelala chini yake. Niliporudi mchana, Vestina alinipokea kwa mikono miwili, uso unang'aa.

"Asante sana kwa zawadi, baba. Nimeshaupanda."

Sikuelewa mpaka aliponivuta nyuma ya jiko. Mche wa mama yangu ulikuwa ndani ya ardhi, umewekewa samadi, umemwagiwa maji.

"Chini ulianza kunuka kama pombe ya rubisi," akaendelea. "Nimekata palipoharibika, nimepaka majivu. Utapona." Kisha akaniletea nailoni yangu, ameifua kwa sabuni, ameianika, ameikunja mara nne. "Hii ni yenu. Msiipoteze, haina tundu."

Kachukua mgomba wa mama, kanirudishia nailoni! Nikamvuta mama pembeni ya nyumba.

"Nauchimbua sasa hivi."

"Utachimbua zawadi mbele ya mtu aliyekulisha?"

"Hatukumpa!"

"Mtoto aliuweka mlangoni pa jiko. Mgeni anaweka kitu mlangoni pa jiko halafu anakidai tena? Kwetu nani anafanya hivyo?"

Mgeni akiweka kitu pale, kimeshakuwa cha mwenye jiko. Hata mimi ningefikiri kama Vestina. Mama alikuwa ameshamwambia "karibu, mwanangu," na neno la mama halirudi.

"Imebaki miwili," akasema taratibu. "Mimi nitapanda mmoja tu. Unatosha. Lakini ifungue tuione, yule kasema unanuka."

"Hiyo ni harufu ya udongo wa kwetu, mama. Nikifungua, unyevu utatoka."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nayaandika kama yalivyo.

Kimuli

Lori lilitengenezwa siku iliyofuata, likatufikisha Nkwenda, na kutoka hapo tukatembea. Mama alitembea mbele. Nyumba ya Kokugonza iko kwenye mwinuko, ardhi nyekundu mpya, safi, haina hata kipande cha takataka. Shimo lilikuwa limeshachimbwa karibu na jiko, samadi imeshawekwa, majirani wamekuja. Shemeji yangu, mume wa Kokugonza, alikuwa amevaa shati la kanisani. Dada yangu alikuwa ameshika kikapu kidogo chenye buni za kumpa mama. Yuko karibu miaka arobaini, ana watoto watano, na alikuwa ameinamisha uso kama anayeolewa siku hiyo.

Mama alinawa mikono, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo, akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka.

Nilifungua mpira. Harufu ilitoka ikanipiga usoni, ile ya rubisi iliyochacha. Nilishika mche, na tunguu lake la chini likabaki kwenye nailoni, limelegea kama uji. Nikasema, "Uko mwingine." Nikafungua wa pili. Ndani yake kulikuwa na maji ya kahawia na kitu nisichoweza kukiita mche.

Mkono wa mama ulikuwa bado umenyooshwa.

Majirani waliangalia chini, kwa adabu, na hilo liliniumiza kuliko kama wangecheka. Mwishowe mama alirudisha mkono wake, akachukua konzi ya udongo, akautia kwenye shimo, kisha konzi nyingine.

"Shimo lisibaki wazi," akasema. "Mtoto atatumbukia."

Dada yangu alimwinua, akamwambia si kitu, mama, umefika, inatosha. Lakini haikutosha na wote tulijua. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Nasema wazi maana hata hivyo Kemi aliniona. Alikuja akasimama kando yangu, hakunishika, akasema, "Ule wa Vestina ulipata hewa, baba." Nikamwambia najua.

Tulikaa siku nne. Mama hakunisema hata kidogo, na msidhani ni raha kukaa na mama asiyekusema. Siku moja Kokugonza alifagia jiko, akapeleka taka kwenye migomba michanga aliyopewa na jirani, na ndani ya zile taka kulikuwa na nailoni ya sukari. Mama aliinuka mwenyewe, akainama, akaitoa.

"Maganda ndiyo. Majivu ndiyo. Hii hapana."

"Sasa niipeleke wapi, mama?" dada yangu akauliza, na hakuwa anabisha.

"Sijui," mama akasema. "Ila si kwenye migomba."

Kurudi, na Kokugonza

Kokugonza alituambia anatusindikiza mpaka kwa Vestina. Alichukua jembe, akachukua na kile kikapu cha buni. Sikuuliza jembe ni la nini. Nami nilikuwa nalitazama hilo jembe njia nzima kwa tamaa.

Vestina alifurahi kutuona. Mama alipomweleza, kwa maneno machache, kwamba miwili ilikufa na kwamba safari yote ilikuwa kwa ajili ya huyu binti yake aliyesimama hapa, uso wa Vestina ulibadilika.

"Nilidhani ni zawadi! Yesu wangu. Chimbueni, bibi. Chimbueni mchukue, ni wenu." Na alikimbia yeye mwenyewe kutangulia nyuma ya jiko, akiwa karibu kulia.

Tulimfuata. Mche ulikuwa umesimama wima. Katikati yake palikuwa pameanza kuchomoza jani jipya, limejiviringisha, kijani kibichi, halijafika hata urefu wa kidole. Kokugonza alikuwa ameshainua jembe.

"Weka chini," mama akasema.

"Mama, umekuja toka Kiruruma kwa ajili ya hili."

"Umeshapokewa na ardhi. Ukiuchimbua tena, utakufa, na hapo sitakuwa na mwingine." Mimi namjua mama yangu, alikuwa anautaka ule mche kwa roho yake yote. "Acha uzae. Mtoto wake ndiye wako."

Kisha akapiga magoti pale pale, kwenye uwanja wa mtu, akaomba nyasi. Vestina alileta konzi za nyasi kavu, Kokugonza akaleta nyingine, na mama akazitandaza kuzunguka mche, polepole, akibonyeza kwa viganja, akiondoa kila kijiti kisichotakiwa. Alipomaliza alibaki amekaa chini. Kokugonza alitazama kikapu chake cha buni, akamtazama Vestina. Halafu akampa Vestina kikapu. Vestina hakujua afanye nini nacho, mpaka dada yangu alipomwelekeza kwa mama kwa kidevu. Akachukua buni mbili, akampa mama. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akatafuna.

"Sasa una mama Kiruruma," akamwambia Vestina.

Walikaa hapo wanawake watatu na Kemi, wakitafuna buni. Mimi nilikuwa nimesimama na nailoni zangu tatu mfukoni mwa koti, moja imefuliwa na mbili zinanuka, maana tangu Kimuli sikuwa nimepata mahali pa kuzitupa. Kila nilipotaka kuiachia moja niliona bonde, na kila bonde lilikuwa na mtu anayechota maji.

Kiruruma tena

Tulifika nyumbani jioni ya siku ya pili. Kesho yake mama alituita wote, mke wangu, Kemi, Byera na mimi, nyuma ya jiko, kwenye ile migomba minne ya kinunu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, hata kandambili zilikwama kwenye tope. Akatuambia tuchimbe kwa mikono kuzunguka mashina.

Chini ya majivu na maganda tulikuta nailoni zimelala moja juu ya nyingine, zimeshikana, zimekuwa tandiko. Nyingine nilizikumbuka. Ya chumvi, ya mikate, ya sare za shule, nyingine niliyomletea mama kama zawadi kwa sababu ina picha ya maua. Juu yake palikuwa na maji yametuama. Tulipolifunua, udongo wa chini ulikuwa mkavu. Katikati ya masika, mkavu, unamiminika kama unga.

Mama alichukua udongo huo akautia kwenye kiganja changu.

"Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nalisha nailoni," akasema.

"Ni mimi niliyezileta, mama," nikasema. "Nisamehe. Na ile miwili pia, nisamehe."

"Uliuliza hata mara moja kama zinaoza?"

"Wewe ndiye uliyeuliza."

"Ehe," akasema, na hapo ndipo aliponisema, kuanzia asubuhi mpaka saa sita, na sijawahi kusemwa kwa raha kiasi kile maishani mwangu.

Tulijaza magunia mawili. Nilijaribu kuchoma kidogo, moshi mweusi ukaingia kwenye kahawa tuliyoanika na mama akakohoa siku nzima, basi nikaacha. Magunia bado yamesimama nyuma ya jiko. Mwenye kujua pa kuyapeleka aje aniambie, buni za kutafuna zipo. Migomba mitatu inaonekana inapata nguvu. Wa nne ulianguka wiki iliyopita.

Tangu baba afariki, mama amekuwa akisema yeye ni wa leo au kesho. Alikataa kununuliwa hata kanga mpya, akisema watavaa wengine. Juzi alikuwa anatandaza nyasi kwenye ile mitatu, nikamweleza ukweli, kwamba mgomba wa Vestina hautatoa mtoto wa kupeleka Kimuli kabla ya mwakani, pengine mwishoni. Nilifikiri atahuzunika. Alinyoosha mgongo, akafikiri.

"Basi nitasubiri," akasema.

Akaniagiza viatu vya kutembelea, na akasema nivilete mkononi.